Majogoo Wawili kwa Moyo Mmoja

Shughuli nzima ilinigharimu majogoo wawili, simu ya dakika arobaini ya kugombezwa kutoka Doha, na sifa yangu ya kuwa mtu asiyesema uwongo. Nimehesabu mara mbili kama nilivyofunzwa kazini, na jumla haijapungua. Wauguzi vijana mnaonisoma, ninyi mnaopima mapigo ya moyo kwa kubonyeza kitufe, mtauliza jogoo ana kazi gani katika moyo wa mtoto mchanga. Nitawajibu, lakini kwa utaratibu, kuanzia siku ya kwanza. Anayeanzia katikati hupunjwa.

Siku ya kwanza niliripoti katika zahanati moja ya Gongoni nimevaa viatu vyeupe. Kule kuna mashamba ya chumvi, na matope yake ya kijivu hayaheshimu vyeti vya mtu. Nami nilikuwa navyo viwili, cha uuguzi na cha ukunga. Juu ya hivyo nilikuwa binti wa muuza leso wa Malindi, niliyejua kukataa bei kabla sijajua kusoma. Nilidhani hakuna wa kunifunza kitu. Sista Msimamizi, mama mfupi aliyefunga mkono wa miwani yake kwa uzi mweusi, alivitazama viatu vyangu, akanikabidhi pembe. Pembe ni kikombe kirefu cha mti. Upande mmoja unauweka tumboni mwa mama mja mzito, upande wa pili unauwekea sikio, kisha unahesabu moyo wa mtoto huku ukitazama saa.

Nikainama, nikahesabu dakika nzima. "Sabini na nane," nikasema kwa fahari.

"Sabini na nane ni mama," akasema Sista Msimamizi. "Umepiga hodi, umemwamkia mwenye nyumba, mgeni umemwacha chumbani. Mtoto hupiga mia na kumi mpaka mia na sitini. Hesabu tena."

Nikasogeza pembe, nikatafuta. "Mia na arobaini na mbili."

"Hesabu tena."

"Si nimempata, Sista?"

"Umempata mara moja. Mara moja ni bahati."

Yule mama aliyelala kitandani akacheka mpaka pembe ikaanguka. Tangu siku hiyo sihesabu kitu mara moja, na mume wangu marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa akiniambia kwamba hata mahamri ya asubuhi nayahesabu kama watoto wa watu.

Jambo la pili nililojifunza Gongoni ni kwamba kila mimba ina umri wa namna mbili, wake yenyewe na ule wa kuambiwa watu. Huku kwetu mimba changa haitangazwi. Mswahili wa mjini haitangazi, Mgiriama wa bara haitangazi, Mwislamu na Mkristo katika hilo ni ndugu. Miezi mitatu ya mwanzo ni siri ya mwanamke na mumewe, na pengine mume mwenyewe hayumo. Watu wana macho, na macho ya watu yana uzito. Basi mwanamke hufika kliniki tumbo limemtangulia mlangoni, naye anakuapia kwamba ni jambo la juzi tu. Sista Msimamizi alikuwa akigombana nao. Mimi niliwafanyia kama leso.

"Miezi mingapi, dada?"

"Mitatu."

"Mitatu, na tumbo hili? Fanya saba."

"Saba mingi, Sista. Tia mitano."

"Sita na nusu, na simwambii mtu."

"Haya, sita na nusu."

Nikipima kwa mkono kutoka kitovuni, sita na nusu inatoka bila kupishana zaidi ya wiki moja. Sista Msimamizi alisema mtindo huo haumo katika kitabu chochote. Lakini daftari langu la miezi ndilo lililokuwa sahihi kuliko yote pale, na siku alipokuja mkaguzi ndilo alilomwonyesha.

Kutoka Gongoni nikahamishiwa Gede. Pale bosi wangu alikuwa Afisa wa Kliniki, bwana mkimya aliyetafuna korosho kutwa bila kumkaribisha mtu. Ndiye aliyenifunza kusikiliza kifua cha mtoto kwa stetoskopu. "Moyo mzima husema maneno mawili, kisha hunyamaza," aliniambia. "Maneno mawili, kimya. Maneno mawili, kimya. Ukisikia mahali pa kimya pana mnong'ono, hapo pana jambo."

Siku moja akaniuliza, "Moyo wa mtoto hujengwa lini?"

"Mwezi wa tano hivi, au wa sita."

Akameza korosho yake. "Huanza wiki ya tatu. Ikifika wiki ya nane, vyumba vyote vinne vimeshagawanywa. Wakati huo mama mwenyewe anadhani amechelewa siku zake tu. Ninyi mnamwona mwezi wa sita. Nyumba imeezekwa, watu wamehamia, ndipo mnapokuja kuuliza kama msingi ulichimbwa."

Maneno hayo niliyaona ya mzaha mpaka alipoletwa mtoto wa kiume wa wiki sita, kwa chanjo tu. Alipumua mbio, na akinyonya paji la uso lilitota jasho kama mtu anayepanda mnazi. Nikaweka stetoskopu. Hapakuwa na kimya popote; mnong'ono ulikwenda moja kwa moja, kama mashine ya kusaga mahindi iliyo mtaa wa pili. Afisa wa Kliniki alisikiliza, akamuuliza mama kama alipata vipele mimba ikiwa changa. Alipata, vichache, vya siku mbili. Dada yake alikuwa na mtoto aliyeugua surua ya siku tatu, naye akaenda kumtazama.

"Hukuambiwa mja mzito asikae na mwenye vipele?" nikamuuliza.

"Niliambiwa," akasema. "Lakini nisingeenda, wangejua nina mimba."

Hiyo surua ya siku tatu ndiyo rubela. Kwa mtoto mdogo ni ugonjwa wa kuchekwa: homa kidogo, tezi za nyuma ya masikio kuvimba, vipele usoni kisha mwilini, siku ya nne anaiba sukari. Mja mzito mwenyewe huenda asiuone kabisa. Ubaya wake ni kwa aliye tumboni. Ukimkuta katika zile wiki za kujengwa, huweza kumharibu macho, masikio au moyo. Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu, kwa hiyo kuna mshipa mdogo unaopitisha damu kando ya mapafu, kama njia ya panya. Akishazaliwa, njia hiyo hujifunga, kwa kawaida katika siku mbili tatu. Rubela hufanya isijifunge. Damu inarudi mapafuni, na moyo unafanya kazi ya punda.

Yule mtoto wa Gede aliandikiwa barua ya rufaa. Siku ya chanjo iliyofuata hakuletwa. Nilipokwenda kwao nilikuta matanga yamekwisha, na mama yake akanikaribisha chai. Sitaki kuyasema zaidi hayo. Nimeyataja ili mjue kwa nini yale ya Muyeye niliyafanya bila aibu.

Muyeye nilihamishiwa nikiwa mtu mzima, mwenye miwani yangu mwenyewe. Mtaa ule nyumba zimekaribiana hata ukipiga chafya jirani anakuombea dua. Kituo chetu kilikuwa na mlango wa nyuma wa kupitishia taka, na asubuhi moja akapitia hapo Saumu, kijana wa miaka ishirini na mbili, amejifunika ushungi mpaka puani.

"Sista Rehema, shikamoo. Sijaja."

"Marahaba. Nimeona hujaja. Una nini?"

Alikuwa na mimba ya wiki sita. Tulihesabu pamoja kwa vidole, kisha tukarudia. Ile ya kwanza mavyaa wake, yaani mama wa mumewe, aliitangaza kwa furaha mtaa mzima ikiwa na wiki saba, na wiki ya tisa ikatoka. Saumu alikuwa ameapa kwamba hii haitajulikana mpaka itembee yenyewe. Nikamuahidi. Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Hilo limo katika kiapo chetu.

Akiwa amefika mlangoni akageuka. "Eti Sista, Swaleh wa wifi yangu ameamka na vipele leo. Jioni nakwenda kumtazama."

Nikamshika ushungi. "Huendi."

"Nisipoenda nitaambiwa nini? Mavyaa anajua kila aliyekwenda na kila asiyekwenda. Nina mimba au nina kiburi, hakuna la tatu."

"Mara ya mwisho ulimwona lini huyo Swaleh?"

"Jana nilimpakata mchana kutwa. Alikuwa na mafua tu."

Moyo ukanipasuka, lakini uso niliuacha mahali pake; huo ni ufundi wa dukani. Mwenye rubela huambukiza tangu wiki moja kabla ya vipele mpaka wiki moja baada. Huenda alikwisha kumwambukiza, huenda bado. Nikamwambia hivyo hivyo bila kumpamba. Nikamwambia pia aseme jino linamuuma, asitoke.

Jino lilidumu saa mbili. Mavyaa wake, Bi Mize, alimjibu kwamba mgonjwa hutazamwa kwa macho, si kwa meno. Nikavaa viatu nikaenda mwenyewe.

Bi Mize alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na nne, mnene wa afya, mkaidi wa kuzaliwa. Alikuwa ndiye karani wa mtaa bila kuajiriwa: msibani, arusini, kwa mgonjwa, yeye ndiye aliyejua nani alikuja, alikaa kiasi gani, na alitoka mikono mitupu au la. Nilimkuta anachambua mchele. Nikamweleza rubela mwanzo hadi mwisho, pamoja na njia ya panya. Alisikiliza vizuri sana, kisha akauliza swali moja tu.

"Nani ana mimba?"

"Simjui hata mmoja," nikasema. Huo ndio uwongo niliowatajia, na niliusema nikimtazama usoni.

"Kama humjui, unamkinga nani?"

"Nawakinga wote. Kuanzia leo, kila mwanamke wa mtaa huu aliye chini ya miaka arobaini namhesabu ana mimba mpaka nitakapotangaza vingine. Hakuna wa kwenda kwa mwenye vipele. Wasipokwenda wote, hakuna wa kunyooshewa kidole."

Bi Mize aliuacha mchele. "Hata Mwalimu Kadzo? Mumewe yuko Doha mwaka wa pili!"

"Kwa hesabu yangu, hata yeye."

"Makubwa! Kwa muda gani?"

"Mwezi mzima."

"Mwezi? Wagonjwa watazamwe na nani, paka? Siku tatu."

"Bi Mize, siku tatu vipele havijafika miguuni. Wiki tatu."

"Siku tano, na ni kwa sababu yako."

Mimi nilichohitaji ni siku saba baada ya vipele vya mtoto wa mwisho. Tukavutana mpaka maji ya mchele yakachemka, tukakubaliana siku kumi baada ya kipele cha mwisho, naye akajiona amenikomoa. Nikampa na nyongeza: anayekatazwa kwenda apeleke sahani. Sahani moja iliyofunikwa kawa ihesabiwe mtu mmoja, na wazee waipeleke kwa niaba. Hilo lilimpendeza. Sahani haikai baraza kusengenya, na inarudi ikiwa safi.

Nikainuka niage, akaniita. "Umri, Sista. Arobaini ni midogo. Tia arobaini na tano."

"Kwa nini?"

"Wasije wakasema tumewabagua wakubwa."

Nikaona ni haki, nikaongeza mitano. Kumbukeni hiyo mitano. Mimi niliisahau, na ndiyo iliyonifunga goli.

Habari ikatembea haraka kuliko vipele. Tatizo la habari ya Muyeye ni kwamba huondoka na viungo vyote na kufika imebaki nyama. Iliyofika Doha ni kwamba muuguzi amempima Mwalimu Kadzo na kumtangaza mja mzito. Bwana akanipigia mchana wa jua kali, nikiwa na sindano mkononi.

"Sista, nieleze vizuri. Mke wangu ana mimba ya nani?"

"Ya kuhesabiwa tu, bwana."

"Huyo Kuhesabiwa ni nani?"

Dakika arobaini. Nilimweleza hata vyumba vinne vya moyo. Mwishowe akauliza kama na dada yake wa Gede asiende kwa wagonjwa. Nikamwambia asiende. Mwalimu Kadzo hakunisalimu kwa muhula mzima, halafu mume akarudi likizo ambayo hakuwa ameipanga, na salamu zikarejea zenyewe.

Mtaa ulishika mkataba. Watoto saba walitoka vipele, na sahani zilizunguka Muyeye kama karata. Bibi mmoja wa miaka hamsini na moja alikuja kulalamika kwamba kaachwa nje ya hesabu kwa dharau, nikamwingiza. Matroni wetu, mama mrefu wa Kigiriama mwenye sauti ya pole, aliniita ofisini kunionya kwamba muuguzi hana mamlaka ya kutia mtaa mzima mimba. Nikajitetea. Akaandika onyo, akalitia sahihi, kisha akaniuliza kama mtaa wa Kibokoni nako hatuwezi kufanya hivyo.

Lakini yule niliyemkusudia nilimchelewa. Siku ya kumi na sita tangu ampakate Swaleh, Saumu akapita mlango wa nyuma akanionyesha shingo. Vipele kidogo, vyepesi, na viungo vya vidole vikimuuma. Nikamchukua damu, ikapelekwa maabara, jibu likarudi vile nilivyolihofia.

"Mtoto wangu je, Sista?"

"Si kila mtoto hudhurika. Huenda ni mzima, huenda la. Sitakudanganya."

"Mavyaa umemdanganya."

"Yule alikuwa anapiga bei. Wewe unauliza."

Akalia, akanawa uso kwa maji ya bomba letu, akatoka vile vile kama asiyekuja. Nami kila wiki nne nilimsikiliza tumbo lake mara mbili, ingawa nilijua pembe haiwezi kunionyesha vyumba.

Saumu alipofika mwezi wa saba, mimba yake sasa ikitembea yenyewe, mlango wa taka ulifunguka tena. Safari hii aliyeingia kajifunika mpaka puani alikuwa mnene wa afya, na hata ushungi haukuweza kumficha. Bi Mize.

"Sijaja," akasema.

Nikamtazama, nikamtazama tena. "Miezi mingapi?"

"Mitatu."

"Bi Mize! Fanya saba."

"Mitano."

"Sita na nusu."

"Haya," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona ameinamisha uso. "Aibu, Sista. Kuzaa pamoja na mkaza mwanangu, watu watasema nini?"

Nikarudi nyuma kwa hesabu, nikafika siku ya mchele. Siku ile alikuwa ameshajijua. Ile mitano aliyoniongezea, kutoka arobaini hadi arobaini na tano, alikuwa anajitilia mwenyewe. Ndiyo maana tangu siku ya mkataba hakuvuka kizingiti cha Swaleh. Alisimama nje akipokea sahani, nami nikasifu uaminifu wake. Binti wa muuza leso, na nilikuwa nimeuziwa leso niliyoivaa. Damu yake ilionyesha rubela aliipata zamani, utotoni, na aliyekwisha kuugua hushikwa tena kwa nadra sana. Na hakuwa peke yake. Mpaka mwaka kumalizika nilihesabu wanawake watano, mbali na Saumu, waliokuwa na mimba changa siku zile za sahani, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameniambia. Nilimchelewa niliyemjua, nikawahi wale nisiowajua.

Saumu alijifungua binti, Zuwena. Nilimsikiliza siku ileile wodini: maneno mawili, na mnong'ono. Siku ya kwanza mnong'ono si hoja, njia ya panya huwa bado haijafungwa. Niliwaambia tusubiri. Siku ya kumi Saumu yumo ndani ya arubaini, hatoki nyumbani, basi nikamwendea humo kwa mavyaa wake walimokaa pamoja. Mtoto ananyonya, anapumzika, ananyonya, na paji la uso lina jasho. Nikaweka stetoskopu, na nje ya dirisha palikuwa na jogoo wa Bi Mize, mwekundu, mrefu, mwenye sauti ya mwalimu wa kwata. Kila nikifika penye kimya, anawika. Sikuweza kujua kama nasikia mnong'ono au nasikia mwangwi wa jogoo. Nikarudi mara tatu, siku tatu.

Nikamweleza Matroni. Akasema, "Daktari wa Watoto ana foleni mpaka barabarani. Nikimpelekea barua ya 'nadhani', itarudi na 'nadhani' yake. Sikiliza penye kimya, uniletee uhakika."

"Muyeye hakuna kimya, Matroni."

"Basi kinunue."

Nikaenda kwa Bi Mize, naye siku mbili nyuma alikuwa amejifungua mvulana, Athumani, yuko kitandani kama malkia. Nikamwambia nataka jogoo. Alinisoma uso, akajua nina haja, na nyinyi mnajua anayejulikana ana haja hupewa bei gani. Nililipa jogoo yule kwa bei ya mbuzi mdogo. Akachinjwa. Nikaweka stetoskopu kifuani mwa Zuwena, nikafunga macho, na nyuma ya banda akawika jogoo wa pili, mweupe, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuthubutu kufungua mdomo. Kumbe yule mwekundu ndiye aliyekuwa akimzuia. Amepandishwa cheo asubuhi hiyohiyo.

"Na huyu nataka," nikasema.

"Huyu ndiye aliyebaki," akajibu Bi Mize kutoka kitandani. "Wa mwisho huwa ghali."

Nikalipa. Nyumba ikawa kimya. Saumu alishika ukingo wa kitanda, mumewe akasimama mlangoni na kisu cha majogoo bado mkononi, na mimi nikahesabu. Maneno mawili, mnong'ono. Maneno mawili, mnong'ono. Nikahesabu dakika nzima, nikasogeza, nikarudia dakika nzima nyingine. Mara moja ni bahati, na hii haikuwa bahati.

"Upo," nikamwambia Saumu. "Lakini tumeujua siku ya kumi na tatu. Mwenzako aliyejua baada ya wiki sita hakuwa na nafasi uliyonayo wewe."

Barua ya Matroni haikuwa na 'nadhani' hata moja. Daktari wa Watoto alimpima kwa eko, mashine inayoonyesha moyo kwa mawimbi ya sauti, tukauona mshipa wazi kwenye kioo, mwembamba kama bua la mpunga. Zuwena alipewa dawa za kuupunguzia moyo mzigo. Mtaa mzima ulichanga nauli, kwa mpango wa sahani zilezile. Kabla hajatimiza mwaka na nusu, alipelekwa hospitali kubwa ya mbali, na madaktari wakapitisha kwenye mshipa wa pajani kifuniko kidogo kama kifungo cha kanzu, kikafika hadi karibu na moyo, wakaziba njia ya panya. Nilikuwepo aliporudishwa. Niliweka stetoskopu hata kabla ya kusalimia. Maneno mawili, kimya. Nikasikiliza tena. Bi Mize akaniuliza mbona nalia, nikamwambia nawakumbuka majogoo wangu.

Sasa nimestaafu. Nina kiti cha plastiki, simu inayonikumbusha dawa za presha, na pembe ya mti ambayo Sista Msimamizi alinirithisha. Siku hizi watoto huchanjwa surua na rubela kwa sindano moja, na atakaye kuzaa asiyejua kama alichanjwa hushauriwa aulize kabla ya mimba, si baada, kwani mja mzito hachanjwi chanjo hiyo. Msiyaache haya kwa sababu mna mashine. Mashine nayo humwona mama mwezi wa sita. Na mkiwakataza wenye mimba kwenda kwa mgonjwa, wakatazeni na wasio nayo, la sivyo mtakuwa mmewaomba wachague kati ya mtoto na siri, na siri ndiyo watu wanayoanza kuiulizia.

Zuwena yuko gredi ya nne, darasa moja na mjomba wake Athumani, samahani, ni baba yake mdogo. Ukoo ule nao unahitaji kuhesabiwa mara mbili. Sikio lake la kushoto husikia kwa shida tangu kuzaliwa, na ndilo analolitega akiitwa kuosha vyombo. Mbio anamshinda Athumani. Wiki iliyopita alinijia na swali. "Bibi, ati ulinunua majogoo wawili kwa ajili yangu. Nyama nani alikula?"

Swali zuri. Nyama ilipikwa supu, supu ikanywewa na wazazi wawili waliokuwa ndani ya arubaini, na mimi niliyelipa nilipewa shingo. Nikaenda kwa Bi Mize kudai majogoo wangu, miaka yote hii baadaye, kwa kuwa deni la kuku halina muda. Hakuinuka hata kitini. Alinyoosha mkono uwanjani, walipokuwa Zuwena na Athumani wakifukuzana mpaka vumbi likatuingia.

"Ulitoa wawili," akasema. "Hao hapo wawili. Hesabu mwenyewe."

Nimehesabu, nikarudia, na kila mara inatoka sawasawa, nami sijawahi kuondoka dukani kwa mtu bila kupunguziwa. Msomaji ambaye ni hodari wa kupiga bei kuliko mimi, naomba unishauri: nikirudi kwa Bi Mize, nianzie wapi?